Rozari Kwenye Duka la Balbu

Duka la jamaa aliyeitwa Fyuzi lilitazamana na geti la hospitali, na hilo ndilo lililomwingiza kwenye dini. Alianza na balbu, swichi na waya, kisha akang'amua kuwa anayetoka wodini hatafuti swichi. Basi akatundika rozari kwenye msumari wa ekstensheni, tasbihi zikakaa kando ya soketi, mafuta ya upako rafu moja na gundi. Alikuwa hata na malaika wa plastiki anayewaka kijani ukimtia betri. "Mteja hana dhehebu," alipenda kusema. Yeye mwenyewe mara ya mwisho kusali ilikuwa siku ya ndoa yake, tena kwa sababu mama mkwe alikuwa anamkodolea macho.

Asubuhi hiyo aliingia bibi mmoja, simu ameikumbatia kwa mikono miwili. Binti yake alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji muda si mrefu.

"Nipe rozari, mwanangu. Yangu nimeisahau nyumbani kwa haraka."

Fyuzi akaitungua, akaitia kwenye mfuko wa karatasi.

"Mbona hujaijaribu?"

"Ati?"

"Huyo mteja aliyetoka umemjaribia balbu yake mpaka ikawaka." Akanyoosha kidole kwenye kibao ukutani: MALI IKISHATOKA HAIRUDISHWI. "Mtoto wangu yuko mezani sasa hivi. Nikiondoka na mbovu, nimrudishie nani?"

"Mama, rozari haina ubovu. Hii imetoka kiwandani."

"Na balbu zimetoka wapi, shambani?"

Foleni nyuma yake ikacheka. Mzee mmoja akarudisha mshumaa wake kaunta. "Ukimaliza hiyo, na wangu pia."

Bibi hakucheka. Fyuzi alimtazama usoni, akaona hofu tupu, akakosa pa kutokea. Akaitoa tena rozari, akafumba macho. "Salamu Maria..." Akakwama. Akarudia, akakwama palepale. Mtu anayeweza kumuuzia kipofu tochi alitoka jasho akitafuta neno la tatu.

"Rozari ni nzima," bibi akasema. "Iliyoungua ni fyuzi, upande wako."

Duka likaangua kicheko. Fyuzi aliona haya mpaka masikio yakamchemka. Lakini bibi hakuja pale kumshinda mtu. Alivuta kigoda, akaketi, akamwonyesha sakafu. Fyuzi akapiga magoti katikati ya maboksi ya swichi, akamfuatisha sala neno kwa neno kama mtoto wa chekechea. Wa foleni wakavua kofia.

Simu ya bibi ikalia. Ni mkwewe, mume wa binti.

"Bado wako ndani," bibi akawaambia. "Damu haijasimama."

Akazichukua shanga kutoka kwa Fyuzi. Akafungua kinywa kuendelea, na safari hii maneno yakamkimbia yeye.

Mlangoni mtu aliulizia bei ya malaika. Fyuzi hakugeuka. Aliushika mkono wa bibi, akaanza yeye sala. Akakosea, akasonga mbele hivyo hivyo, na bibi akamfuata.