Kadi ya Yaa

Kufikia saa sita mchana, Nyarkoa alitakiwa awe amezifuta mashine pepe zote za hospitali, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva, zilizokuwa zikiendeshwa na Windows kuukuu. Zilibaki dakika kumi na mashine moja, Yaa, lakini kidole chake kilikataa kubonyeza. Orodha ya watoa damu wa Kumasi ilikuwa ndani ya mashine ya mfumo mwingine, Linux, ambayo hakuna aliyelikumbuka jina lake; huenda ikawa hii.

"Kadi yake ya maelezo imeandikwa Windows," alisema Mzee Boakye, mkuu wake, akifungua kenkey, donge lake la unga wa mahindi. "Futa, binti yangu, tule."

"Kadi hiyohiyo inasema Yaa aliundwa Jumapili. Mzee, wewe ungempa mtoto wa Jumapili jina la Alhamisi?"

Boakye aliacha kutafuna. Ofisini mwao kila mashine hupewa jina la siku yake ya kuzaliwa, kama mtu, na majina hayo aliyatoa yeye mwenyewe.

"Nilikuwa na haraka," alisema polepole. "Nilinakili kadi ya Akosua, yule wa Jumapili."

"Basi hata hiyo Windows ni ya Akosua."

Nyarkoa aliachana na kadi. Aliingia ndani ya Yaa, akamuuliza mwenyewe anaendeshwa na mfumo gani. Jibu lilikuja papo hapo: Linux. Alipofungua mafaili yake, alikuta majina ya watoa damu.

Alishusha pumzi, kisha akaitazama orodha ya mashine alizokwisha kufuta.

"Mzee, asubuhi nimefuta mashine tisa kwa kusoma kadi tu. Ulinakili kadi ngapi?"

Boakye aliifunika kenkey yake, akanawa mikono, akavuta kiti ili wazikague kadi zote tisa.