Redio Kwenye Meza ya Kukatia

Asubuhi ya majaribio Fundi aliondoa vitambaa vyote kwenye meza ya kukatia, akaiweka redio ya jiji katikati. Jiji lilikuwa linafungua vituo vya mawasiliano mitaani, ili tetemeko likikata simu watu wajue pa kupeleka ujumbe. Afisa aliyeleta redio hakupepesa macho: ujumbe wa watu kumi upite kwa robo saa, la sivyo duka hili la ushonaji halifai, mtaa utategemea kituo cha ng'ambo ya daraja.

Ng'ambo! Tetemeko lililopita, daraja ndilo lililotangulia kuanguka. Dada yake Fundi, aliyeolewa huko, alimlilia mama yao siku tatu akidhani amekufa, kumbe mama yupo hapa hapa analalamika chai haina sukari. Fundi aliapa hilo halirudi. Leo dada ndiye aliyeshika redio ya ng'ambo.

Saa nne kamili Fundi akabonyeza kitufe.

"Hamjambo huko? Za asubuhi? Watoto je? Na wagonjwa?" Mtu aliyelelewa vizuri haanzi na shida, jamani. Akasubiri aitikiwe. Kimya. "Mbona hamuitikii? Tumekosana lini?" Akaanza upya, mtaa kwa mtaa.

"Achia kitufe, Fundi!" afisa akapiga kelele. "Ukikishika hakuna anayesikika!"

Lo! Alikuwa ameuziba mji mzima kwa dakika saba. Alipoachia, vituo vyote vikamsema kwa mpigo. Mama yake, kwenye kiti chake karibu na cherehani, alicheka hadi machozi.

"Mdomo uliponza kichwa," akasema.

Fundi jasho lilimtoka. Dakika nane zimebaki, na majirani wamepanga foleni hadi barabarani, kila mmoja na shida ya kuigiza aliyopewa na afisa, na kila mmoja ameitia chumvi. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kijitabu cha vipimo. Mteja akija na hadithi nzima ya harusi, Fundi huandika bega, kiuno, siku ya kuchukua, basi.

"Haya, nani, wapi, unataka nini?"

"Unajua, Fundi, baba mkwe tangu juzi—"

"Baba mkwe. Nyumba ya tatu. Mguu. Machela. Anayefuata!"

Akasoma karatasi moja moja, kidole kikibonyeza na kuachia. Wa kumi alipita ikiwa imebaki dakika moja. Afisa akatazama saa, akakuna kichwa, akatia saini. Duka zima likapiga vigelegele.

"Hiyo dakika ni yangu," mama akasema, akaivuta redio.

Majirani wakashika vichwa. Salamu za bibi huyu, maharage huiva hazijaisha.

Akabonyeza. "Mwanangu. Nipo." Akaachia.

Sauti ya dada ikaja kutoka ng'ambo.

"Nimekusikia, mama. Rudia."