Kipokezi cha Etelka

Profesa Vendel Kócziás alikuwa mtu wa kanuni, na maabara yake pale Szeged iliendeshwa kwa kanuni zake. Seli za saratani ya kongosho zikishaota na kushika kwenye kisahani cha maabara, zilibanduliwa kwa kimeng'enya, dakika tano, basi. Kuzikwangua kwa mkono alikuona ushamba. Mwezi Machi kimeng'enya kikaisha na agizo likachelewa. Boróka, mwanafunzi wake wa uzamivu, akachukua kikwangulio cha plastiki akaendelea na kazi. Profesa alimpita nyuma akamtania, "Dada, hizo ni seli au ukoko wa sufuria?"

Boróka hakuwa mtu wa porojo. Alizipaka zile seli kingamwili zenye rangi, akazipitisha kwenye mashine inayoisoma rangi hiyo. Saa tano asubuhi akabisha hodi ofisini, akaweka karatasi mezani. Kulikuwa na kipokezi kimoja, protini inayokaa juu ya seli kama kitasa mlangoni, ambacho maabara nzima iliapa kwamba seli hizo hazina. Sasa kilikuwa kimejaa tele. Alikuwa amerudia mara tatu.

Profesa aliitazama ile karatasi mpaka kahawa yake ikapoa. Alikuwa ameelewa mara moja. Kimeng'enya hicho hula protini, ndiyo kazi yake. Vipokezi vingine vya seli hizo vilistahimili, ndiyo maana hakuwahi kushuku kitu. Hiki kilikuwa laini, kikikatwa kichwa kabla mtu hajakipima. Miaka kumi na moja walikuwa wakikinyoa wenyewe, kisha wanatangaza hakipo.

Na kama ingekuwa kipokezi tu, angeshukuru. Tatizo lilikuwa Etelka. Daktari Etelka Bárdos ndiye aliyekiona kwanza, katika maabara hiyohiyo, akasema dawa ikipata pa kushika hapo, wagonjwa wa kongosho watapata tumaini. Yeye alikuwa akikwangua kwa mkono, kama alivyofundishwa. Wenzake wakarudia kwa kanuni ya Profesa, wakaambulia patupu. Vendel akaiandikia kamati ya chuo barua kwamba Etelka amepika takwimu, na mkataba wake haukuongezwa. Sasa anafundisha kemia shule ya sekondari huko Makó, na watu wa fani wakimtaja, humtaja kwa kicheko.

Boróka aliuliza waandikeje kwenye makala. Profesa alisema waandike tu kwamba njia mpya imekifichua kipokezi. Ya zamani yana haja gani? Jamani, mtu mzima na mvi zake! Boróka alimkazia macho.

"Profesa, njia si mpya. Ipo kwenye daftari la Daktari Bárdos kabatini. Nimelisoma lote."

Akatoka, akarudi kwenye seli zake.

Jumamosi Profesa aliendesha gari hadi Makó, njia nzima akipanga maneno ya kujikosha. Etelka alimfungulia mlango, akampa ndara za wageni, akamkalisha jikoni na kumsogezea kahawa na mikate midogo ya jibini. Hakuonyesha hasira, na hilo lilimtisha Profesa kuliko matusi. Profesa akampa karatasi ya Boróka, naye akaisoma polepole. Machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa mkono wa sweta bila kuficha.

"Nilikuita mara mbili uje uone ninavyokwangua," alisema. "Ukasema huna nafasi."

Profesa akaanza maneno yake. Jina la Etelka litatangulia kwenye makala. Atarudishwa maabara, yeye mwenyewe atamsemea kwa wakubwa. Etelka akatikisa kichwa. Harudi, ana wanafunzi wa mtihani mwezi Mei. Makala waiandike upesi, maana wagonjwa wanangoja. Yeye alitaka kitu kimoja, barua nyingine kwa kamati ileile, na aliitaka kabla Profesa hajavua zile ndara.

Akaleta karatasi na kalamu. Profesa aliandika mistari sita, akamsogezea. Etelka akaweka kidole kwenye mstari wa pili, palipoandikwa kwamba maabara ilikosea katika utaratibu wake.

"Maabara ndiyo iliyoniita mwongo, Vendel?"

Shingo ya Profesa ikawa nyekundu. Aliukata mstari ule, akaandika kwamba yeye, Vendel Kócziás, ndiye aliyekosea, kwamba alimsingizia mwenzake bila kwenda kutazama kazi yake, na kwamba Etelka Bárdos hakudanganya hata mara moja. Etelka akamwomba aisome kwa sauti. Alianza vizuri, ila alipofika penye jina lake mwenyewe akakwama, ikabidi aanze upya.