Pargeter Alipoita "Njoo"

Neville Pargeter na Clem Beddoes walifungua mchezo pamoja kwa miaka mingi, kila timu ya kriketi ya Shropshire, kaunti ndogo ya Uingereza, ilipoingia kupiga. Pargeter alikuwa na duka la misumari na rangi. Beddoes alikuwa dalali wa kondoo mnadani. Kriketi ya kaunti ndogo haikuwalipa kitu, na kila mmoja alitamani kuitwa na kaunti kubwa, ambako mtu hula kwa gongo lake.

Kilichomkera Pargeter ni kwamba yeye ndiye aliyejifua. Kila jioni alikuwa nyuma ya duka, anapiga mpira ukutani mpaka giza liingie. Beddoes alikuja uwanjani ananuka kondoo, hajagusa gongo wiki nzima, akaupiga mpira ukavuka ua wa kanisa. Hata Enid, mke wa Pargeter, aliyekuwa akikata mikate ya chai kando ya uwanja, alisimamisha kisu ili amtazame Beddoes. Mumewe akipiga, kisu kiliendelea. Pargeter aliliona hilo, likamkaa rohoni.

Kiangazi kimoja kocha wa kaunti kubwa alikuja kumwangalia Beddoes. Beddoes akaanza kwa moto. Katika kriketi wapigaji wawili husimama ncha mbili, na mmoja akiita, wote hukimbia kubadilishana ncha wapate mbio moja; vijiti vya ncha vikiangushwa kwa mpira kabla mkimbiaji hajafika, ametolewa. Ndipo Pargeter akausukuma mpira mbele kidogo, akaita, "Njoo!" Beddoes akachomoka. Alipofika katikati Pargeter akainua mkono.

"Rudi!"

Beddoes akageuka, akateleza. Alipofika, vijiti vilikuwa vimeshaangushwa. Ametoka.

"Mbio ile ilikuwepo, Nev," alisema akipita.

"Nilipima vibaya," Pargeter akajibu, bila kumtazama.

Siku hiyo Pargeter alipiga kuliko siku zake zote, na kocha akamwalika yeye. Enid alimpigia pasi nguo zake nyeupe. Huko kwa wakubwa alicheza mechi mbili. Warushaji wa kule walikuwa wa kasi nyingine. Mara zote alitoka kabla hajapata jasho. Wakamshukuru kwa adabu, wakamwacha.

Aliporudi hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuuma zaidi. Katika mechi ya kwanza, yeye na Beddoes wakishuka ngazi kwenda kupiga, Beddoes alisimama akakaza glavu zake.

"Kuanzia leo anayeita ni mimi. Wewe kazi yako kukimbia."

"Clem, siku ile mimi..."

"Siku ile nilikutazama usoni, bwana. Twende, wanatungoja."

Wakacheza hivyo mpaka magoti ya Beddoes yalipokataa. Kaunti kubwa haikumrudia kamwe. Beddoes akiita, Pargeter alikimbia bila kuuliza. Lakini kila makofi yalipomlipukia mwenzake, wivu ulimpanda vilevile, kana kwamba ni yeye aliyedhulumiwa.