Bado Yupo

Kwa miaka kumi na tisa nimeshindana mbio za magari katika uwanja wa Pine Gap, na katika miaka hiyo yote sijawahi kuwa wa kwanza. Mwezi wa tano niligonga ukuta, bega langu la kushoto likavunjika, na daktari akaniambia kwamba huu uwe msimu wangu wa mwisho. Kwa hiyo mbio za kufunga msimu, Jumapili ile ya Oktoba, zilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kushinda hata mara moja.

Juma zima nilitoka kiwandani, tunakofuma soksi, nikaingia moja kwa moja chini ya gari. Nilipima mzingo wa kila tairi kwa utepe, kwa kuwa tunazunguka upande wa kushoto tu, na tairi za kulia lazima ziwe kubwa kidogo ili gari lipinde lenyewe. Nilipima uzito juu ya kila gurudumu, nikakaza springi, nikapima tena. Mume wangu, Harlan, alinishikia taa.

"Umekula?" aliniuliza siku ya Ijumaa.

"Nimekunywa chai baridi."

"Chai si chakula, mama."

"Basi niletee hicho chakula hukuhuku chini."

Jumapili mchana, kabla sijaingia garini kwa kupitia dirishani, maana milango ya magari haya huchomelewa isifunguke, alinipapasa mifuko.

"Huna karanga?"

"Karanga uwanjani, nijiletee mkosi? Nimechoka, Harlan, sijarukwa na akili."

Kisha akapanda juu ya paa la jukwaa la watazamaji na redio yake ya kuzungumza nami. Dereva haoni ubavuni: kiti humbana kichwa, na kioo hutikisika mno. Mtu wa juu ndiye macho yake. Gari jingine likiwa ubavuni, husema, "Bado yupo." Likibaki nyuma, husema, "Peupe," na dereva hushuka kwenye njia ya ndani, iliyo fupi. Mwezi wa tano Harlan alisema "peupe" mapema mno. Hatukulizungumza tena jambo hilo.

Mbio zilikuwa za mizunguko hamsini. Kufikia wa arobaini, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, nikawa naendesha kwa mkono mmoja na kwa mazoea. Mbele yangu alibaki Dewey Stroud peke yake. Katika mzunguko wa mwisho gari lake liliyumba alipotoka kwenye kona ya pili, nami nikampita kwa nje.

"Bado yupo," Harlan alisema redioni.

Nilisikia mngurumo wa Dewey ukififia. "Harlan?"

"Bado yupo. Bado. Bado."

Kona ikafika. Nilibaki juu, upande wa ukuta, penye makombo ya mpira wa tairi, gari likateleza, na Dewey akapita chini yangu, kwa ndani. Alinishinda kwa upana wa bampa.

Baadaye nilikaa juu ya tairi, nikiwa sina nguvu hata ya kuvua glavu. Harlan alisimama kando yangu. Dewey akaja akicheka, jasho likimtiririka.

"Dada Verna, ulisinzia? Nilikuwa nyuma yako kwa urefu wa gari zima! Njia ya chini ilikuwa wazi kabisa, wewe unaambaa na ukuta kama popo!"

"Niliambiwa upo," nilisema.

Dewey alimtazama Harlan, kicheko kikamwisha. Akasema kwamba anasubiriwa apigwe picha, akaondoka.

"Uliona nafasi?" nilimuuliza mume wangu.

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Nilifungua mdomo." Alikuwa akiitazama redio mkononi. "Siku ile waliukata mlango ndipo wakakutoa, Verna. Tangu hapo neno lile halinitoki."

"Ungeniambia mapema."

"Ungemtafuta mtu mwingine."

"Ndiyo," nilisema, "ningemtafuta."

Alipiga magoti akanivua glavu, ya kulia kwanza, kisha ya kushoto polepole. Nilikuwa na maneno makali, lakini kila nililolishika lilikuwa zito kuliko nguvu nilizobakiwa nazo. Tulilipandisha gari kwenye trela, tukalifunga mikanda. Aliendesha hadi nyumbani kwa mwendo wa pole mno, magari yote yakitupita, nami sikumwambia aongeze.