Chumba Namba Sita

Mdoli namba sita hulazwa kwa ubavu. Magoti hukunjwa kidogo, mkono wa kulia hupita chini ya shavu, nywele husukumwa nyuma ya shingo zisibanwe na kifuniko. Kisha boksi huinuliwa hadi sikioni na kutikiswa. Likitoa sauti, kazi hurudiwa. Tan Yuqiong alikuwa ametikisa maboksi mia mbili na kumi asubuhi ile ya mwezi wa tano, katika kiwanda kimoja cha wanasesere huko Chenghai, wakati karani Xu alipopita na karatasi mbili zenye muhuri mwekundu.

Karatasi moja aliibandika juu ya meza za kufungashia. Ya pili aliibandika kwenye ubao wa bweni la wanawake. Zote ziliandikwa maneno yaleyale: "Chumba namba 6. Upana upunguzwe kwa moja ya tano ili kutunza mazingira. Utekelezaji ni leo."

Wafungashaji huliita "chumba" lile shimo la kadibodi analolala mdoli. Karani Xu alikuwa na wiki moja tu katika nafasi yake. Aliona neno chumba, akaona kwamba bweni nalo lina chumba namba sita, na kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, akatoa nakala.

Kiwandani utekelezaji ulichukua siku tatu, kwa sababu mashine ya kukata kadibodi ilihitaji kurekebishwa. Bwenini ulikamilika kabla ya chakula cha mchana.

Wanawake wanne wa chumba hicho walirudi na mabakuli yao ya uji, wakakuta kuta zimesogeleana. Ufa wa plasta ulikuwa palepale, ila mwembamba zaidi. Dirisha nalo lilikuwa limepungua kwa kiasi chake. Walipita katikati ya vitanda viwili vya ghorofa kwa kujipinda, mmoja baada ya mwingine.

"Mungu akipenda tutasafirishwa Ulaya bure," alisema Mo Caixia, aliyelala kitanda cha juu ya Yuqiong. "Elfu mbili katika kontena moja, na kitambulisho kifuani."

"Wewe tumbo hilo hupiti kwenye kifuniko," alisema mwingine.

"Nitajipakia ubavu, shoga. Miaka sita nafanya kazi gani?"

Yuqiong hakucheka. Mwezi wa saba shule zitakapofungwa, mwanawe Lanlan, mwenye miaka tisa, alikuwa aje kutoka kwa bibi yake katika milima ya Guizhou, kama watoto wengine wanavyokuja kiangazi kuwaona wazazi wao viwandani. Hawakuwa wameonana kwa miaka miwili. Sheria ya bweni ilikuwa moja: mtoto anaruhusiwa ikiwa mkeka wake unalala chini bila kugongwa na mlango. Yuqiong alipima upana wa mkeka kwa utepe wa gundi na kuubandika utepe huo sakafuni. Ulienea, zikabaki sentimita mbili.

Siku iliyofuata alikwenda ofisini wakati wa mapumziko.

"Karani, lile tangazo ni la boksi. Si la bweni."

"Limeandikwa chumba."

"Chumba cha mdoli."

"Mama Lanlan, soma tena. Neno mdoli liko wapi?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua," alisema karani Xu, bila ubaya wowote. "Na sasa lina muhuri. Nikilibandua, nitabandikwa mimi."

Alimmiminia chai katika kikombe kidogo, wakanywa, Yuqiong akarudi kwenye laini ya kufungashia.

Mwezi wa sita tangazo la pili lilitoka. Upana tena, moja ya tano tena. Safari hii karani Xu alijua la kufanya, akaleta nakala bwenini bila kuulizwa na mtu. Vitanda viwili havikutosha tena. Wanawake wawili walihamishiwa chumba namba tisa pamoja na kitanda chao, wakabaki Yuqiong na Caixia. Ule utepe wa sakafuni haukukatika. Ukuta ulipoufikia, ncha yake ilianza kuupanda, na kufikia Ijumaa ilikuwa imepanda kiasi cha vidole vitatu.

Jumapili Yuqiong alikwenda kanisani, nyuma ya duka la mchele, akapiga magoti mstari wa mwisho. Hakuomba chumba kirudi kilivyokuwa. Aliomba upana wa mkeka tu, akataja vipimo kwa sentimita, asije akaeleweka vibaya.

Mwisho wa mwezi alikuja mgeni kutoka kwa mnunuzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, pamoja na mkalimani wake. Alikagua maboksi mapya. Aliambiwa kontena moja sasa linabeba mzigo wa kontena moja na nusu, na kamba za plastiki zimekuwa za karatasi. Alifurahi kwa dhati, maana jambo lile alikuwa amelipigania ofisini kwao kwa miaka mingi. Akasimama mbele ya Yuqiong na kuuliza kama ana la kusema.

Yuqiong alikuwa amelingoja swali hilo tangu mwezi wa tano. Alifuta mikono kwenye aproni.

"Chumba ni kidogo," alisema. "Kimekuwa kidogo mno."

Mkalimani alitafsiri. Yeye naye alikuwa amefundishwa maneno ya kazi asubuhi ileile, na chumba kwake kilikuwa cha mdoli. Mgeni aliweka mkono kifuani, akaomba arudie polepole ili aandike. Yuqiong alirudia polepole. Waliomba pia kumpiga picha.

Wiki mbili baadaye maboksi yalikuja yakiwa na chapa mpya ubavuni: jani la kijani, uso wa Yuqiong, na maneno yake. Aliendelea kuyafunga. Uso ulikaa upande wa kushoto, kwa hiyo wakati wa kutikisa, jino lake la pichani lilikuwa likigusa sikio lake mwenyewe.

Lanlan alifika Jumamosi saa sita mchana, na nyama ya moshi ya bibi yake ndani ya mfuko. Asubuhi ile tangazo la tatu lilikuwa limebandikwa. Safari hii lilihusu urefu.

Msimamizi wa bweni, Mama Zhuang, alikuja na mkeka kwapani. Aliutandika. Mkeka ulipanda ukuta upande mmoja na mlango upande mwingine, ukakaa kama mtumbwi.

"Haulali," alisema. "Kuna basi la saa tisa."

"Atalala na mimi kitandani."

"Kitanda chenyewe kimepungua, Mama Lanlan. Wewe mwenyewe unakunja miguu."

"Tutaenea."

"Nionyeshe."

Ilikuwa saa ya usingizi wa mchana, kiwanda kizima kimenyamaza. Yuqiong alivua viatu. Alimlaza mtoto kwa ubavu, akamkunja magoti kidogo, akaupitisha mkono wake wa kulia chini ya shavu, akazisukuma nywele nyuma ya shingo. Kisha akajikunja mwenyewe kumzunguka, akiacha kila mfupa ukae penye nafasi. Lanlan alitulia. Alinukia moshi na basi.

Caixia alishuka kutoka juu, akaweka sikio kwenye nguzo ya kitanda, akakitikisa kwa mikono miwili.

"Kuna kinachocheza?" aliuliza Mama Zhuang.

"Hakuna."

Mama Zhuang alitikisa mwenyewe, mara mbili. Kisha akatoa daftari, akaandika jina la mtoto, akauchukua mkeka na kwenda zake. Caixia aliitundika nyama ya moshi dirishani, ikaliziba dirisha lote, akapanda kulala.

"Mama," alinong'ona Lanlan, bila kusogeza chochote ila midomo. "Mwalimu alitupima kabla ya kufunga. Nimerefuka sentimita saba."

Yuqiong aliziba macho ya mtoto kwa kiganja, kama mtu anayefunga kifuniko taratibu.

"Vizuri sana, mwanangu," alisema. "Usimwambie karani."