Karatasi ya Sigara Mahali pa Fyuzi

Fetuao alizungusha ufunguo wa pikapu tena, akasikia tena ule mlio mmoja mkavu, tek, kama mtu anayesonya, kisha kimya. Akapiga usukani kwa kiganja mpaka mkono ukamuuma. Nyuma, magimbi yalikuwa yamekwisha kupangwa katika vikapu vya makuti, yamefunikwa majani ya mgomba. Soko la Salelologa halimsubiri mtu. Ukichelewa, unakuta wanunuzi wa Apia, mji mkuu ng'ambo ya bahari, wameshapanda feri na mizigo yao, na wewe unarudi na magimbi yako kijijini ukiyaonea aibu.

Alishuka, akafungua boneti, akaokota jiwe lake, akavigonga vile vichwa vya betri vilivyoota unga wa kijani na mweupe. Akarudi kwenye usukani. Tek.

Katika nyumba ya jirani, ya wazi isiyo na kuta, wanaume walikuwa wakinywa chai.

"Fetuao! Mpe naye chai kwanza!"

"Mwimbie! Huyo anataka kwaya!"

"Njooni msukume, nyie mabingwa wa midomo!" akawajibu.

Walikuja, wakafunga upya mashuka yao viunoni, wakasukuma huku wakicheka. Aukuso, mdogo wake Fetuao, hakusukuma. Alisema mgongo unamuuma. Alisimama kando na kikombe chake cha kakao, akilitazama gari kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiye na fedha.

"Altaneta hiyo, dada, haichaji betri," akasema.

"Altaneta tumeshabadilisha."

"Basi hiyo mpya si nzima."

"Nani aliyeichagua?"

"Mimi niliichagua kwa nje, sikuingia ndani yake."

Wanaume wakaangua kicheko, na pikapu ikakohoa, ikawaka. Fetuao akaondoka bila kusema asante. Moyoni alikuwa akimkumbuka nguruwe wake jike, mzazi mzuri, mtulivu, aliyeuzwa ili altaneta hiyo inunuliwe. Na altaneta ya zamani haikuwa na kosa lolote. Hilo alilijua siku ileile ya kwanza, maana gari lilikataa kuwaka vilevile.

Pikapu hiyo aliiacha baba yao. Ilikuwa ya Kijapani, nyeupe hapo zamani, na chumvi ya bahari ilikuwa imekwisha kuila milango chini. Fetuao ndiye aliyekuwa akiiendesha tangu baba alipopofuka, na mumewe alipofariki, gari ndilo likawa mume: ndilo lililomlisha yeye na mama yao, Sieni. Kisha Aukuso akarudi kutoka New Zealand baada ya miaka mingi, akaja na spika mbili kubwa kama vibanda vya kuku, pamoja na sifa. Watu walimuuliza, "Auckland ulikuwa ukifanya nini?" Naye akajibu, "Mambo ya mashine." Hilo likatosha. Tangu siku hiyo, kila kitu chenye waya kijijini kilipelekwa kwake.

Spika alizifunga nyuma ya kiti cha pikapu, akatoboa hapa, akakaza pale. Mwezi haukuisha, matatizo yakaanza. Taa za mbele zikawa zinafifia na kung'aa, zinafifia na kung'aa. Taa za nyuma zikawa zinazimika zenyewe, kwa sababu fyuzi yake ilikuwa ikiungua. Ukiweka mpya, siku mbili tatu, imeungua. Polisi mmoja alimsimamisha Fetuao karibu na bandari, akamwambia mbele ya watu kwamba gari lake halina tofauti na toroli. Akarudi nyumbani amefura.

"Aukuso, fyuzi haiungui bure. Kuna waya mahali unagusa chuma. Utafute."

"Dada, wewe umesomea wapi umeme?"

"Sikusomea. Lakini sufuria ikivuja sibadilishi mfuniko."

"Niachie mimi. Kesho utaona."

Kweli, kesho akaona. Taa za nyuma ziliwaka. Wiki ikapita, nyingine ikapita, fyuzi haikuungua tena. Fetuao alifurahi, na akiwa na furaha mdomo wake ulikuwa mwepesi. Jumapili baada ya ibada, wakati wa chakula, mbele ya mchungaji na majani ya magimbi yaliyoiva kwa tui, alisema kwa sauti kwamba mdogo wake ana mikono ya dhahabu. Aukuso akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mchungaji akasema amina. Sifa hizo Fetuao alikuja kuzijutia kuliko yule nguruwe.

Siku ya mkasa, Fetuao alikuwa akimpeleka mama yao bandarini avuke kwenda Apia kutazamwa macho. Miadi hiyo waliingoja sana. Mama Sieni alivaa gauni lake la kanisani na kofia, akaketi mbele, viatu amevishika mkononi asivichafue, miguu mitupu. Mvua ilikuwa ikinyesha na mawingu yameshuka, kwa hiyo Fetuao aliwasha taa zote.

Walipofika pale barabara inapokata katikati ya mawe meusi ya volkano, pasipo na nyumba wala mti, mama alinusa.

"Unapika nini humu, mwanangu?"

Fetuao alinusa naye. Harufu ya plastiki inayoungua. Kabla hajajibu, moshi ulitoka chini ya dashibodi, kwanza mwembamba, kisha mzito, mweupe. Alikanyaga breki, akazima taa, akazima injini, akachomoa ufunguo. Moshi ukaendelea. Nyaya zilikuwa zimekwisha kuyeyukiana, na umeme sasa ulipita unapotaka. Mara mama akapiga kelele, kelele ambayo Fetuao hakupata kuisikia kutoka kwake hata siku ya kumzika baba. Tone la plastiki iliyoyeyuka lilikuwa limemdondokea juu ya unyayo, likanata.

Alimvuta mama nje, akamketisha juu ya mawe, mvuani, na kofia yake ya kanisani. Akafungua boneti. Hakuwa na spana. Akakishika kichwa cha betri kwa mikono miwili, akakizungusha na kukivuta huku akilia na kutukana, mpaka kikachomoka, na cheche moja ikamrukia mkononi. Kisha akaingia ndani na shuka lake lililolowa mvua, akalibana juu ya nyaya mpaka moshi ukakoma.

Ndipo alipokifungua kile kisanduku cha fyuzi. Fyuzi nyingine zote zilikuwa mahali pake, nyekundu, buluu, njano. Mahali pa fyuzi ya taa za nyuma hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri, imesokotwa kama kijiti, imeshindiliwa.

Fetuao aliichomoa, akaiweka kiganjani. Hasira haikuja kwa kishindo kama alivyozoea. Ilipanda polepole kutoka miguuni, kama maji yanavyojaa, ikafika kifuani, ikakaa. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Hata yeye asiyesoma umeme alilijua hilo. Mtu huyu alikuwa amemwondoa mlinzi mlangoni kwa sababu mlinzi alikuwa akipiga kelele.

Lori la mchanga lilimchukua mama mpaka zahanati. Feri iliondoka bila yeye. Pikapu ilivutwa kwa kamba mpaka kijijini, Fetuao kwenye usukani, midomo ameibana.

Aukuso alikuwa akicheza karata na wenzake. Alipoliona gari linavutwa, akanyanyuka.

"Vipi, dada? Betri?"

Fetuao aliingia bila kuvua viatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akaitupa ile karatasi ya sigara katikati ya karata.

"Hii ni nini?"

Aukuso akaitazama. Akatazama wenzake. "Hiyo... hiyo ni ya muda tu. Huko Auckland tulikuwa tukifanya hivyo siku zote."

"Huko Auckland ulikuwa ukipakia kuku!"

Karata zikatulia mikononi mwa watu.

"Ukipakia kuku kwenye mifuko, Aukuso! Binamu yetu aliniandikia zamani, nikanyamaza. Nikasema, mwache, ana haki ya kujivuna kidogo kwao. Mashine yako ilikuwa mkanda unaopita na kuku walionyonyolewa! Nani alikutuma uje ujifanye fundi kwenye gari langu?"

"Dada, punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Juzi walisikia nikikusifu, leo wasikie na hili. Mama ameungua mguu. Yuko zahanati, mguu umefungwa, na macho yake hayakutazamwa. Kwa ajili ya nini? Kwa sababu uliona aibu kusema neno moja: sijui!"

Aukuso akafungua mdomo. "Mama ameungua?"

"Tulifundishwa nini sisi tukiwa wadogo? Dada ni mboni ya jicho la kaka yake. Si ndiyo? Basi umejitia kidole jichoni mwenyewe. Usiliguse gari langu. Usiniite. Chakula changu usile."

Akatoka. Nyuma yake hakuna aliyecheka. Kwao, neno la dada aliyekasirika si kitu cha kuchezea. Wazee waliwahi kuona watu wakidhoofika kwa neno kama hilo. Wenzake Aukuso walikusanya karata zao mmoja mmoja, wakakumbuka kila mtu ana kazi nyumbani.

Kesho yake asubuhi, Fetuao alisikia vicheko nje. Mama alikuwa amerudishwa, amelala, mguu juu ya mto. Fetuao akachungulia. Aukuso alikuwa ameketi uwanjani, mbele ya nyumba, amejifunika mkeka kichwani, kama wanavyoketi watu waliokuja kuomba msamaha kwa damu iliyomwagika. Ila alikuwa akichungulia chini ya mkeka, akiwakonyeza waliokuwa wakipita, nao walikuwa wameshika mbavu.

Kama jana hasira ilipanda polepole, leo ililipuka. Fetuao alivuka uwanja, akaushika mkeka, akamnyang'anya.

"Unacheka? Umekaa chini ya mkeka kama mtu aliyeua, halafu unacheka?"

"Dada, nilitaka tu ufurahi kido—"

"Watu wamekaa chini ya mikeka hii wakingoja kuuawa au kusamehewa! Wewe unafanya mchezo ili wakiondoka hapa waseme, aa, Aukuso bwana, mcheshi huyo! Kila kitu kwako ni ili watu waseme!" Akageuka kwa waliokuwa wakicheka. "Na nyie, hamna makwenu?"

Wakatawanyika. Aukuso akabaki chini, kichwa wazi, jua likimpiga. Ndipo sauti ya mama ikatoka ndani.

"Fetuao! Usimuue. Na wewe Aukuso, usijifiche nyuma ya mzaha, baba yako hakuwa hivyo. Litengenezeni hilo gari, nina macho ya kutazamwa."

"Nitamwita fundi wa Salelologa," akasema Aukuso kwa sauti ndogo.

"Hutamwita mtu," akasema Fetuao. "Utaufuata huo waya kwa mkono wako, kutoka mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimesimama juu yako."

Wakatoa kiti. Wakatoa zulia, lililonuka moshi na maji ya mvua. Aukuso alilala sakafuni mwa gari, akaupapasa waya inchi kwa inchi, na Fetuao akawa hampi spana bali anamtupia. Chini ya boneti waliukuta waya mnene unaotoka betri kwenda mwilini mwa gari. Ulikuwa umeliwa na kutu, umebaki nyuzi chache kama nywele za mzee. Huo ndio uliokuwa ukiwatesa asubuhi na kufifiza taa. Altaneta ya watu ilionewa bure. Fetuao aliufungua mwenyewe, akausugua mpaka vidole vikatoka damu, akaona haufai, akakata mwingine kutoka gari bovu la jirani. Vichwa vya betri akavimwagia maji ya moto.

Mchana mkono wa Aukuso ukasimama kule nyuma ya kiti.

"Umeona nini?" akauliza Fetuao.

Angeweza kusema panya. Angeweza kusema uzee wa gari, na nani angebisha? Fetuao baadaye alikiri kwamba yeye mwenyewe angeamini.

"Skrubu," akasema hatimaye. "Imepita katikati ya waya wa taa za nyuma. Ni ya spika. Niliikaza mimi, dada. Tangu mwanzo ilikuwa ni mimi."

Alitoka chini, uso umejaa masizi, akamwekea ile skrubu mkononi. Hakuchekesha. Fetuao aliitazama, akataka kupiga kelele tena, akakuta kelele hazipo. Kilichobaki kilikuwa kizito na kimechoka.

"Zitoe," akasema.

Akazitoa spika zote mbili. Wakabadilisha nyaya zilizoungua, wakazifunga tepu, wakaweka fyuzi halisi. Jioni pikapu iliwaka kwa mzunguko mmoja wa ufunguo. Wanaume wa jirani wakashangilia kutoka kwenye nyumba yao. Fetuao hakugeuka.

Mguu wa mama ulichukua wiki kupona, ukaacha kovu linalong'aa. Miadi mingine ilipopatikana, Aukuso alikuja asubuhi, amevaa shati safi, akasimama mbali kidogo na gari.

"Naweza kumsindikiza mama?"

"Kwani nimekukataza?"

"Hujanisemesha tangu siku ile."

"Sina la kukusemesha bado." Fetuao akamfungulia mama mlango, akamkunjia gauni lisibanwe. "Panda nyuma. Ukisikia harufu yoyote, gonga kioo."

"Nikigonga utasimama?"

"Gonga kwanza tuone."

Akapanda nyuma, akaketi katikati ya vikapu. Mama Sieni akacheka chinichini, akafunga mkanda. Fetuao hakucheka. Alitia gia, akaingia barabarani, na mbele ya kanisa alipokanyaga breki kumpisha nguruwe wa watu, alimsikia mdogo wake nyuma akimwambia kwa sauti kwamba taa za nyuma zinawaka, zote mbili.

"Nimesikia," akasema, ingawa kwa sauti ambayo yeye peke yake aliisikia.